Nani Mwingine Yuko Kwenye Simu?

Daktari kijana hujifunza kwa miili ya watu, na hapo hakuna njia ya mkato. Wodini, daktari mkubwa anapita na wanafunzi nyuma yake huku mgonjwa akiwatazama. Hakuomba kuwa somo, lakini angalau anaweza kuwahesabu, na akiona wamezidi, anajifunika shuka.

Sasa tuhamishie somo hilo kwenye simu. Sheria ya Afya ya 2017 ilishaitambua njia ya kidijitali kama huduma halali, na korona ya 2020 ikatuzoesha kukutana kwa video. Fikiria mama wa hapa Changamwe, mtaa wa Chaani, amekohoa wiki tatu. Badala ya kupoteza siku nzima kwenye foleni Port Reitz, anapigiwa video. Daktari anauliza, wanafunzi wanasikiliza na kamera zao zimezimwa. Mama anaona uso mmoja tu. Wanaomwona ni wangapi? Hajui.

Wengi husema tatizo ni kwamba daktari wa simu hamshiki mgonjwa. Mimi sidhani umbali wenyewe ni kosa. Mwaka 1816, huko Paris, Laennec aliona haya kulaza sikio kifuani mwa mwanamke kijana, akakunja karatasi ikawa mrija, akasikia moyo vizuri kuliko kawaida. Stetoskopu ilianzia kwenye stara hiyo. Yule mwanamke alijua nani anamsikiliza. Mama wa Chaani hajui.

Tena video inaonyesha mengi ambayo wodi haionyeshi: chumba kimoja, jiko la makaa karibu na kitanda, dirisha linalokula vumbi la malori. Kwa mwanafunzi hiyo ni hazina, kwa sababu kikohozi kinaanza kueleweka. Lakini pia ni siri ya nyumba. Na nyuma ya pazia huenda mume anasikiliza. Mama akiulizwa mambo ya ndani atajibu "hapana", na mwanafunzi ataandika hapana. Aliyefundwa vizuri angeanza na, "Mama, uko peke yako hapo?"

Utaniambia alibonyeza "nakubali". Wapi! Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya hiari, na mtu anayekohoa, bando likikaribia kuisha, atabonyeza chochote.

Upande wa pili nao una uzito. Wagonjwa wote wakikataa, madaktari wa kesho watajifunzia wapi? Na wakijifunza kwa wenye uwezo peke yao, watakuja kututibu sisi bila kujua tunavyoishi. Kwa hiyo sisemi wanafunzi watolewe. Nasema wafungue kamera, wataje majina, waseme wazi kwamba bado wanasoma, waombe. Na mama akisema hapana, atibiwe vilevile, zamu yake isirudishwe nyuma.

Ndiyo, siku hiyo mwanafunzi atakosa somo la kikohozi. Ila atakuwa amekataliwa na mtu ambaye hana pesa wala cheo, na itambidi aseme, "Sawa mama, asante," aondoke kwa adabu. Hapa Pwani hata mtoto anajua mlangoni kwa mtu unabisha hodi, na usipokaribishwa, unarudi zako. Kwenye simu pia kuna mlango.