Ruhusa ya Kuwa Mwingine

Mwigizaji ni mtu aliyepewa idhini ya kusema uongo mbele ya kadamnasi bila ya kuitwa mwongo, kwa kuwa baina yake na watazamaji umepita mwafaka usioandikwa kwamba, tangu pazia lifunguliwapo hata lishushwapo, yeye si yeye bali ni yule anayemwiga. Mwafaka huu ni mpana kuliko aghalabu tudhanivyo. Mwaka 1954 mjini New York, Mary Martin, mwanamke wa miaka 40, alicheza nafasi ya Peter Pan, mtoto wa kiume asiyekua, akaruka juu ya jukwaa kwa waya huku akiimba. Na badala ya kushutumiwa kwa udanganyifu alitunukiwa Tuzo ya Tony. Basi ikiwa fikira za watazamaji zaweza kuvuka umri na jinsia kwa pamoja, zikamwona mvulana ndani ya mama mzima, ni kitu gani kilichozizuia zisivuke rangi ya ngozi?

Jawabu langu ni kwamba hazikuzuiliwa kamwe. Rangi ilivukwa usiku baada ya usiku, ila kivuko kilikuwa cha upande mmoja.

Shahidi wangu ni Show Boat, mchezo wa nyimbo ambao Jerome Kern na Oscar Hammerstein II waliutunga kutokana na riwaya ya Edna Ferber, ukaonyeshwa New York kuanzia Desemba 1927. Ndani yake yumo Julie, mwimbaji katika chombo cha maonyesho kipitacho mto Mississippi, ambaye watu humdhania Mzungu hata siku sherifu ajapo na hati, kwa kuwa mama yake Julie alikuwa Mweusi na sheria ya jimbo lile iliharimisha ndoa ya mtu wa nasaba hiyo na Mzungu. Steve, mumewe, achomoa kisu, amkata mkewe mkononi, ainyonya damu, kisha athibitisha mbele ya wote kwamba na yeye sasa anayo damu ya Mweusi mwilini. Hila hii yaifedhehesha sheria kuliko hotuba yoyote, maana sheria iliyoukabidhi utu wa mtu kwa tone la damu haina budi kulikubali tone hilo popote lilipo, hata kama limeingia kwa njia ya kinywa. Walakini tuwafuate mbele kidogo. Steve hatimaye amwacha Julie, na amwachapo hakuna hakimu wala sherifu awezaye kumzuia asirudi katika Uzungu wake. Ilhali Julie asalia Chicago na ulevi wake, na hata kazi yake ya kuimba aiacha ili aipate Magnolia, rafiki yake Mzungu. Damu iliyokuwa neno la saa moja kwa mwanamume ilikuwa hukumu ya maisha kwa mwanamke.

Ajabu kubwa zaidi i nje ya hadithi. Julie wa 1927 alikuwa Helen Morgan, Mzungu. Na Queenie, mpishi Mweusi, alichezwa na Tess Gardella, Mmarekani wa asili ya Kitaliana aliyejipaka weusi usoni na kusimama jukwaa moja na Jules Bledsoe, ambaye weusi wake haukuhitaji kupakwa. Mwaka 1946 Lena Horne, mwimbaji Mweusi, aliimba kama Julie katika kipande kifupi cha filamu ya Till the Clouds Roll By. Lakini Show Boat nzima ilipotengenezwa tena kuwa filamu mwaka 1951, nafasi hiyo ilikwenda kwa Ava Gardner, na kwa kuwa sauti yake haikuwaridhisha wakubwa wa studio, nyimbo za Julie ziliimbwa na Annette Warren. Zilikodiwa sura ya Mzungu mmoja na sauti ya Mzungu mwingine, na aliyekuwa na vyote viwili akabaki nje. Kanuni za Hollywood za zama hizo zilikataza kuonyesha mapenzi ya Mweusi na Mzungu. Basi ili kisa cha mapenzi hayo kionyeshwe, Mweusi mwenyewe ilimpasa aondoke.

Wasemao kwamba sanaa hutafuta kifaacho tu wamtazame Dorothy Dandridge katika filamu ya Carmen Jones ya 1954. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji, na bado nyimbo zake za opera humo ziliimbwa na Marilyn Horne, Mzungu wa miaka 20, sauti ikatoka katika kinywa cha Mweusi bila ya sikio kuona rangi yoyote.

Sisemi kila mtu aigize kabila lake tu, maana shuruti hiyo ingemnyang'anya Mary Martin mabawa yake na kumfungia mwigizaji Mweusi katika misiba ya Weusi milele. Nasema ruhusa itolewayo kwa mmoja na kunyimwa mwenziwe si sanaa, ni upendeleo. Broadway ilimpata Julie wake wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika, Lonette McKee, mwaka 1983, miaka 56 baada ya mchezo kuanza.