Aliyesafiri na Jiko Lake, Je, Amesafiri?

Somo la kwanza la anayekodi gari-nyumba mjini Phoenix, jimbo la Arizona, ni la maji machafu. Kabla hajakabidhiwa ufunguo huzungushwa gari zima, na mhudumu hukawia kwenye matangi kuliko kwenye injini. Kuna tangi la maji safi, lita 150 hivi. Kuna la maji ya sinki na bafu, na kuna la choo. Ukutani kuna vitaa vinavyoonyesha kila moja limejaa kiasi gani. Siku ya kumwaga huvaliwa glavu, mpira mnene huunganishwa chini ya gari, tangi la choo hufunguliwa kwanza na la sinki baadaye, ili maji ya sabuni yausuuze mpira. Anayegeuza mpangilio huo huikumbuka safari yake kwa harufu.

Somo likiisha, hupewa nyumba: kitanda juu ya kiti cha dereva na kingine nyuma, jiko la gesi, friji, bafu la kusimama. Anashika barabara kuu ya I-10 kuelekea magharibi, na baada ya kilomita 200 hivi anaingia Quartzsite, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa California. Anaegesha juu ya changarawe, anakunjua kiti chini ya jua la Januari, na birika linaanza kulia kwenye jiko lilelile alilokuja nalo.

Je, mtu huyu ameondoka nyumbani?

Swali lina sura ya utani, na wengi wangelimaliza kwa kicheko. Wanazuoni wa Kiislamu hawakulicheka, kwa sababu rakaa mbili za sala hutegemea jibu lake. Hukumu ya msafiri inajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni Lamu, Mombasa au Unguja: akitoka mwendo wa kutosha, kilomita 80 na kitu kwa hesabu za leo, sala ya rakaa nne huwa mbili, na mwezi wa Ramadhani anaruhusiwa kula akalipa baadaye. Safari ina taabu, na sheria inampunguzia mzigo aliye mbali na kwake. Lakini vipi yule ambaye kwake anakwenda naye?

Gari-nyumba halikuwapo. Baharia alikuwapo. Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki Baghdad mwaka 855, aliulizwa kuhusu baharia anayeishi chomboni: apunguze sala, afungue? Jibu lake lilikuwa kwamba ikiwa chombo ndiyo nyumba yake, anatimiza sala na anafunga. Aliulizwa tena, chombo kinakuwaje nyumba? Akaeleza kuwa ni pale mtu asipokuwa na nyumba nyingine, na ahali yake wamo humo pamoja naye. Karne kadhaa baadaye Ibn Qudama, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki 1223, alipoipanua hukumu hiyo katika kitabu chake al-Mughni, alitaja na tanuri. Baharia mwenye familia, tanuri na mahitaji yake yote chomboni, asiye na makao mengine nchi kavu, hapati ruhusa ya msafiri. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alimruhusu baharia huyo kupunguza, ingawa wanazuoni wa madhehebu hiyo wanaona ni bora atimize. Wahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, nao walikwenda njia yao wakisema chombo si mahali pa ukazi, hata mtu akikaa humo vipi.

Ubishi huo wa mabaharia unaifaa Quartzsite kuliko inavyodhaniwa. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 2,400 na ushee. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 na mitaa hubaki mitupu. Baridi ya kaskazini inapobisha, wastaafu wa Canada na majimbo ya theluji huteremka na magari yao, maonyesho ya mawe na vito yanafunguliwa, na jangwa hugeuka mji usio na kuta. Mji wenyewe, tangu mwanzo, ni wa wapitaji. Ulianza kwenye maji, kisima cha Tyson, kituo cha magari ya farasi miaka ya 1860. Jengo lake la matofali ya udongo leo ni makumbusho. Martha Summerhayes, mke wa ofisa wa jeshi aliyepita hapo miaka ya 1870, alikichukia kituo hicho kwa moyo wake wote na akakisema vibaya katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka 1908. Hakuna anayejua angesema nini juu ya mahema ya leo yanayouza soksi, mawe na bisibisi.

Na aliyezikwa kwa heshima kubwa kuliko wote mjini hapa ni haji. Wamarekani walimwita Hi Jolly, kwa kuwa jina Haji Ali liliwashinda. Alizaliwa katika dola ya Uthmania karibu 1828, akaletwa Marekani miaka ya 1850 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu katika majangwa ya kusini-magharibi. Mwaka 1857 msafara wa Edward Beale uliwatumia ngamia hao kupima barabara hadi mto Colorado. Walikuwa na nguvu kuliko nyumbu, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka hamu ya jeshi ikaisha, na ngamia wakauzwa. Haji Ali akabaki: mpagazi, mwongoza njia, mtafuta dhahabu. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1880 mjini Tucson kwa jina la Philip Tedro, akaoa, akapata mabinti, kisha akarudi jangwani. Alifariki Quartzsite Desemba 1902. Mwaka 1935 kaburi lake lilijengewa piramidi ya mawe ya huko, na juu yake akasimamishwa ngamia wa shaba. Maandishi ya kaburini yanapaita kambi yake ya mwisho. Wanaopanga foleni kupiga picha hapo wengi wao wako kambini pia, ila wao wataondoka.

Hapo ndipo serikali nayo inapoingia kwenye fikihi bila kujua. Sehemu kubwa ya jangwa hili ni ardhi ya umma chini ya idara ya serikali kuu iitwayo BLM. Kwa kawaida idara hiyo humruhusu mtu kupiga kambi bure kwa siku 14, kisha lazima ahame, mara nyingi umbali wa maili 25 au zaidi, yaani kilomita 40. Katika madhehebu ya Hanafi, aliyenuia kukaa siku 15 amekuwa mkazi. Chini ya hapo bado ni msafiri. Abu Hanifa na karani wa BLM hawajapata kukutana, lakini wote wawili wameona kwamba baada ya wiki mbili mtu huanza kuzoea, na mazoea yakishaingia si mgeni tena. Mashafi ni wakali zaidi. Kwao ni siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka.

Kwa wanaotaka kukaa zaidi, idara hiyo ilianzisha mwaka 1983 maeneo ya wageni wa muda mrefu. La Posa, kusini tu mwa mji, lina ekari 11,400, na kibali chake ni cha kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kwa miaka mingi ada ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima, au 40 kwa siku 14. Kuna maji ya kuchota, mahali pa kumwaga tangi na pa kutupa taka. Umeme, kila mtu na paneli zake za sola. Anayetaka upweke wa kweli huendesha kusini zaidi hadi hifadhi ya Kofa, iliyoanzishwa 1939 kwa ajili ya kondoo wa porini wenye pembe za kujikunja, na ndani ya korongo lake moja hukuta mitende ya asili imejibana kwenye mwamba.

Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ilikabiliwa na swali hilihili mwaka 1985, katika kesi ya California dhidi ya Carney. Gari-nyumba lilikuwa limeegeshwa katikati ya San Diego, mapazia yamefungwa, na maofisa wakaingia bila hati ya mahakama. Nyumba ya mtu haiingiwi hivyo. Gari huingiwa. Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba ni gari, maana lina magurudumu na linaweza kuondoka dakika yoyote. Waliacha mlango wazi kidogo: lililoinuliwa juu ya matofali na kuunganishwa maji na umeme pengine lingehesabiwa vingine.

Mahakama iliuliza kama kitu hicho kinaweza kuondoka. Imamu Ahmad aliuliza kama mwenyewe ana pengine pa kurudi. Swali la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linamtazama mtu na halitazami chombo. Marabi walioandika Mishna, karibu mwaka 200, waliwahi kukigusa chombo pia: kibanda cha sikukuu ya Sukoti, ambamo Wayahudi hukaa siku saba kukumbuka babu zao jangwani, kinaswihi hata kikijengwa juu ya mkokoteni au merikebu, na mtu anaruhusiwa kukipanda siku ya sikukuu. Juu ya ngamia kinaswihi, lakini siku ya sikukuu hakipandwi. Paa lake sharti liwe la mimea iliyokatwa, kwa hiyo paa la gari-nyumba halifai kitu. Mtakatifu Benedikto, kwa upande wake, hakuwa na huruma na watu wa namna hii. Katika kanuni yake ya karne ya 6 aliwalaumu watawa wazururaji wanaolala siku tatu au nne kila monasteri, akawaweka chini ya watawa wote wengine. Kwake, hao ni watumwa wa matakwa yao wenyewe na wa ulafi. Amezidisha, lakini anayehamisha gari kila jirani anapowasha jenereta atajiona humo.

Anachokikosa aliyekodi ni taabu, na bila taabu ile ruhusa ya safari inaonekana kama zawadi isiyostahili. Hata hivyo jangwa humtoza kwa njia yake, kwenye maji. Wenyeji wa La Posa huosha vyombo kwa bakuli moja, huzima bomba wakijipaka sabuni, na kudumu wiki mbili. Mtu wa mjini humaliza lita 150 kwa siku mbili na kushangaa kitaa kimekuwa chekundu. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi, yaani chini ya lita moja kwa udhu na tatu hivi kwa kuoga. Anayesali anaweza kuijua hadithi hiyo miaka yote, na asiielewe hadi asimame kwenye bafu la gari huko Kofa, mkono kwenye bomba.

Changarawe hiyohiyo inawachanganya watu wasiofanana. Yupo aliyekodi kwa wikiendi. Yupo mstaafu wa Alberta mwenye nyumba mbili. Na yupo aliyelala kwenye gari dogo la mizigo lenye godoro kwa sababu pensheni yake haitoshi kodi ya chumba. Kitabu cha Jessica Bruder cha 2017, Nomadland, na filamu iliyopata Oscar mwaka 2021 vilimfanya ajulikane duniani. Phoenix ina wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, baadhi yao waliokaa miaka mingi kambini Tanzania, Burundi au Uganda. Kumweleza mtu kama huyo kwamba watu hulipa pesa kulala kambini huhitaji dakika kadhaa, na huenda asikubaliane na maelezo.

Kwa aliyekodi, fikihi haina shida naye. Ana nyumba, ameiacha, amevuka masafa. Apunguze sala zake, jiko likiwapo au lisiwepo. Mstaafu aliyenuia miezi kadhaa ni mkazi kwa Mashafi, lakini kwa Wahanafi, ambao hawaikubali nia ya ukazi nyikani kwa mtu wa mjini, anaweza kubaki msafiri hadi Aprili. Wa tatu ndiye mgumu. Tarehe 15 Aprili La Posa inapofunga msimu, wa kwanza alikwisha kurudi kwao, na wa pili anarudi. Yeye hupanda milima ya Flagstaff kukimbia joto, na misitu ya serikali huko nayo humpa siku 14, kisha humwambia asogee. Benki humtaka anwani. Baadhi yao wameipata South Dakota, ambako kwa miaka mingi risiti ya usiku mmoja kambini na sanduku la kupokelea barua vilitosha kwa leseni ya udereva.

Wahanafi walishamjadili mtu wa sampuli yake, mfugaji wa hemani anayefuata malisho. Walitofautiana: wapo waliosema hawezi kuwa mkazi, kwa kuwa nyika si makazi. Kauli iliyopewa nguvu ni ile iliyopokewa kutoka kwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa aliyekuja kuwa kadhi mkuu wa Baghdad: watu wa mahema ni wakazi, na kuhama kutoka malisho hadi malisho hakuwaondolei ukazi wao. Kwa hukumu hiyo, mwenye gari la godoro anasali rakaa nne kamili, Quartzsite au Flagstaff, na wa kumthibitishia kwamba ana makao amepatikana kwa kadhi wa karne ya 8 kabla ya kupatikana kwa karani wa kaunti.