Ushindani Ndani ya Mwenyeji Mmoja

Ushindani huzuka pale viumbe wanapotegemea kitu kisichowatosha wote. Kwa mabuu wa nyigu vimelea hali hiyo haina pa kukwepea, kwani chakula chao chote ni mwili wa mdudu mmoja, aitwaye mwenyeji, na hawawezi kuhama. Mkulima wa mahindi wa Itetemia, Tabora, anamjua vizuri mmoja wa wenyeji wao: funza wa mabua. Nyigu wa asili wa Afrika, Cotesia sesamiae, hutaga mayai ndani ya funza huyo. Ndivyo afanyavyo pia Cotesia flavipes wa Asia, aliyeachiliwa na kituo cha utafiti cha icipe pwani ya Kenya mwaka 1993.

Mabuu hukabili uhaba kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuua: katika jamii za nyigu ambazo mwenyeji hulea buu mmoja tu, mabuu wachanga wana taya kali, na huumana mpaka abaki mmoja. Ya pili ni kuzuia: aliyetangulia huuvuruga mwili wa mwenyeji, na mchelewaji hukosa lishe au hewa akafa bila kuguswa. Ya tatu ni kugawana: mabuu kadhaa wa Cotesia hukua pamoja ndani ya funza mmoja pasipo kupigana. Wakizidi, kila mmoja hupungukiwa, na nyigu wanaotoka huwa wadogo.

Kinachoamua njia hizo ni kiasi cha chakula na udugu. Mwenyeji anayemtosha mmoja tu akigawanywa, wote huangamia. Akiwatosha wengi wa mama mmoja, kumuua ndugu ni hasara: mwanabiolojia W. D. Hamilton alionyesha mwaka 1964 kwamba anayemnusuru ndugu hunusuru sehemu ya urithi wake mwenyewe.

Mwaka 1860 Charles Darwin aliandika kwamba hakuweza kuamini kuwa Mungu mwenye rehema aliwaumba nyigu wa namna hii kwa makusudi ili wale viwavi wangali hai. Lakini ukatili huhitaji mtendaji aliyeweza kutenda vingine, na buu hana hiari hiyo. Kwa hiyo anayetetea dhuluma kwa kusema ndivyo maumbile yalivyo hukosea mara mbili: maumbile yana kugawana pia, na buu hachagui. Binadamu huweza kuupima uhaba, kuupunguza, na kupanga upya mgawo. Ndiyo maana yeye huulizwa alichotenda.