Uchawi Hutenganisha: Nasaha kwa Wapenzi wa Charmed

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tamthilia ya Charmed ilianza Marekani mwaka 1998, ikamalizika mwaka 2006 baada ya vipindi 178. Ikatengenezwa upya kuanzia 2018 hadi 2022. Ilipoanza, wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, na bado naikuta kwenye kompyuta za hosteli. Kwa nini haichoshi?

Mimi naona kinachovuta si mapepo. Ni dada watatu, Prue, Piper na Phoebe, katika nyumba waliyoachiwa na bibi yao. Wakifarakana, nguvu zao hupotea. Wakipatana, adui hawawezi. Prue anapofariki, wanampokea Paige, dada wa mama mmoja ambaye hawakumjua. Moyo wa binadamu unapenda udugu wa namna hiyo, na si kosa kuupenda.

Ila hapo ndipo tamthilia inapodanganya. Rejea Al-Baqara, aya ya 102: kazi ya sihiri inayotajwa pale ni kumtenganisha mume na mkewe. Uchawi haujengi nyumba, huibomoa.

Kwetu Masinya tunalijua hili. Kijana akifeli mtihani, hupelekwa kwa mganga. Mganga naye hamtaji pepo wa mbali. Humtaja shangazi, au bibi kizee wa jirani. Tangu siku hiyo salamu zimekatika, chakula cha shangazi hakiliwi, na maisha ya yule bibi yamo hatarini. Sasa niambieni, hapo nani ameifanya kazi ya sihiri?

Sihiri ipo, Qur'ani imeitaja. Lakini kinga yake tumeshapewa: Al-Falaq na An-Nas asubuhi na jioni, Ayatul Kursiy kabla ya kulala. Haina malipo, haina hirizi, na haimtuhumu mtu. Ama anayemwendea mpiga ramli kumuuliza, Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa swala zake hazikubaliwi siku arubaini. Na katika Al-Hujurat, aya ya 12, Allah ametukataza dhana mbaya. Shangazi yako ana haki na aya hiyo.

Basi likizo hii, ukifika nyumbani, anza na mlango ule mnaouogopa. Piga hodi, toa salamu, ukikaribishwa chai, kunywa.

Ewe Mola, tukinge na shari ya wachawi, na utukinge tusiwazulie wasio na hatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.