Deni la Mlezi wa Wasemaji

Kijana anapojiunga na klabu ya midahalo, iwe Malinyi au Ifakara, mlezi wa klabu humfundisha kusimama wima, kupanga hoja, kuitawala pumzi na kuuteka umma. Mambo hayo ni ya ufundi, na ufundi hufundishika. Lakini neno ambalo kijana huyo atalitamka miaka kumi baadaye, mlezi akiwa hayupo, ni la nani? Likijenga, je, mlezi ana fungu katika sifa? Na likibomoa, je, ana fungu katika lawama? Swali hili halimhusu mwalimu wa shule peke yake. Linamhusu kila malenga aliyepata kumnoa mwanagenzi.

Swali lenyewe ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, aliandika majadiliano yaliyopewa jina la Gorgias, mwalimu mashuhuri wa usemaji. Humo Gorgias anajisifu kwamba alizoea kufuatana na nduguye tabibu kwenda kwa wagonjwa waliokataa dawa au kisu. Pale tabibu aliposhindwa, yeye aliwaridhisha kwa maneno tu. Kisha anajikinga mapema. Mwalimu wa ndondi, asema, hafukuzwi mjini kwa sababu mwanafunzi wake amempiga babake. Basi na mwalimu wa usemaji asilaumiwe kwa dhuluma ya mwanafunzi wake.

Hoja hii ina mvuto, lakini ina ufa. Apigwaye ngumi hujua kuwa amepigwa, naye aweza kukinga, kukimbia au kushtaki. Apigwaye na neno aghalabu hajui, pengine hushukuru. Wahenga walisema kuwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Hawakusema nyoka akishatoka hufanywa nini. Kwa hiyo amfundishaye mtu kusema hawezi kujilinganisha na afundishaye ndondi, kwani silaha aitoayo haionekani na yule imwelekeayo.

Watu wa bonde la Kilombero walipata kuona uzito wa neno kwa gharama kubwa. Huko Ngarambe, upande wa Rufiji, Kinjikitile Ngwale alifundisha kwamba maji ya dawa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajumbe wakalichukua fundisho hilo na kulieneza kutoka nchi hata nchi. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga. Tarehe 30 ya mwezi huohuo, wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga waliishambulia boma ya Mahenge, katika milima iliyo juu ya bonde hilo, wakaanguka kwa mamia mbele ya bunduki za rashasha. Mwalimu alikuwa maiti kwa siku 26. Neno lake lilikuwa lingali likitembea kwa miguu ya wengine.

Haki inadai isemwe kwamba lawama ya mauaji yale, na ya njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, ni ya waliofyatua na waliochoma. Inadai pia isemwe kwamba bila ya neno lile makabila mengi yaliyoonewa yasingesimama pamoja. Hata hivyo, fundisho lilipokewa kama amana ya kufikishwa, si kama hoja ya kupimwa. Na kipimo chake cha pekee kilikuwa risasi. Ebrahim Hussein aliiona shida hii alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ambamo kiongozi anazidiwa nguvu na neno lake mwenyewe.

Je, basi mlezi afunge klabu, vijana wabaki kimya? La. Kunyamaza nako kuna madhara yake. Malinyi, iliyokuwa sehemu ya Ulanga kabla ya kuwa wilaya, ni nchi ya mpunga, na ardhi ile yenye unyevu ampayo mkulima mavuno ndiyo impayo mfugaji malisho wakati wa kiangazi. Mwaka 2002 bonde hilo liliandikishwa pia katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Wanaoidai ardhi hiyo ni wengi. Sheria ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano huo. Alasiri moja ya maneno yaweza kuamua watoto wa nani watakula.

Katika mkutano wa namna hiyo, mjane asiyezoea kusimama mbele ya watu ana haki sawa na mwanasiasa, ila hana ulimi sawa naye. Anayekataa kufundisha usemaji kwa kuuogopa hauondoi ulimwenguni. Anawaachia wale walio nao tayari. Ndiyo maana sharti la kwanza la mlezi ni kuanza na walio bubu mbele ya umma, si na wale ambao tayari hupigiwa makofi.

Sharti la pili lahusu namna ya kufundisha. Mdahalo una upande wa kutetea na upande wa kupinga, na wako wanaouona kuwa ni shule ya unafiki, kwa kuwa kijana hupewa upande asiouamini. Utakuwa hivyo ikiwa mwisho wake ni alama na ushindi. Lakini zoezi lilo hilo laweza kuwa shule ya uadilifu. Mtoto wa mkulima na aieleze haja ya mfugaji, asiipunguze wala asiifanyie kejeli, mpaka mfugaji mwenyewe akiri, “Hapo umenisemea.” Kisha wabadilishane. Asiyeweza kufanya hivyo hajahitimu, hata kama sauti yake ni tamu kama zumari.

Pwani inalijua zoezi hili kwa jina la majibizano. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana tungo, na kila mwenye kutunga alijua kuwa jawabu li njiani. Majibizano hayakuzuia vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Ushairi haujawa ngao ya mtu. Lakini yalimzoesha mtunzi kulipima neno lake kwa sikio la hasimu kabla ya kulitoa.

Hapo ndipo deni la mlezi linapokomea, na hapo ndipo linapobana. Hadaiwi kila neno litakalotoka kinywani mwa mwanafunzi wake, maana mtu mzima hubeba ulimi wake mwenyewe. Anadaiwa jambo moja: kwamba siku mwanafunzi huyo atakapomaliza kusema, na makofi yakatulia, na mtu wa mwisho nyuma ya umati akainua mkono, atakaa chini na kusikiliza.