Ishia Hapo

Neno lenyewe ndilo lililozua mjadala. Nilimwambia mjomba wangu, aliyesomesha chuo hapa Msambweni tangu mimi sijazaliwa, kwamba naandika hadithi. Akanitazama kwa muda. Kwake yeye waandishi wa hadithi ni Bukhari na Muslim, watu waliokata masafa kumfuata mpokezi mmoja, wapate kujua kama neno kweli lilitoka kinywani mwa Mtume au lilibandikwa. "Na wewe, mwanangu," akaniuliza, "isnadi yako inaishia kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Isnadi yangu, mnyororo wa wale ninaopokea kwao, huishia kwenye kibanda cha M-Pesa, kando ya barabara ya Lunga Lunga, ambako nakaa tangu saa mbili asubuhi. Kijana anatuma mia mbili kwa namba anayoijua kwa moyo, kisha anabaki amesimama, simu mkononi, akingoja neno la ahsante lisilokuja. Mama mmoja huja kunipa simu nimsomee salio, na saa sita anarudi tena, huenda mwanawe aliye Doha amekumbuka. Majina yaliyo kwenye daftari la miamala siyagusi, hiyo ni amana. Lakini namna mtu anavyosimama naondoka nayo. Baada ya swala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka, naiandika. Nikijaaliwa ni kurasa mbili.

Swali la mjomba nimekaa nalo miaka tisa. Mara ya kwanza nilimjibu kwa desturi ya nyumbani. Bibi alipotaka kutusimulia alibisha hodi kwanza: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Nasi tuliitikia. Uongo ulitajwa kwa jina lake mlangoni, tukaukaribisha wenyewe, basi nani aliyedanganywa? Mjomba alitikisa kichwa. "Hayo ni makubaliano ya watu waliokaa mkeka mmoja," akasema. "Kitabu chako kinasomwa na mtu aliye peke yake. Nani aliyemwitikia?"

Nikamletea Mwengo wa Athumani. Mwaka 1728, huko Pate, alitunga utenzi mrefu wa vita vya Tambuka, yaani Tabuk, kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Warumi. Sira inasema Mtume alitoka na jeshi hadi Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, na akarejea Madina pasipo kupigana na Warumi. Kwa Mwengo panga zinalia na damu inamwagika. Wazee wetu waliughani utenzi huo kwa machozi, na mpaka leo anatajwa kwa heshima. Mjomba alikaa kimya hadi nikadhani nimeshinda. Kisha akasema polepole, "Mwengo alijua anamtumikia nani."

Tangu siku hiyo swali lilihama. Halikuwa tena kama kubuni ni haramu. Lilikuwa: haya ninayoyabuni namtengenezea nani?

Ndiyo maana ugomvi wa tanzu unanichosha. Mhariri mmoja wa Nairobi aliwahi kunirudishia mswada akiwa ameandika pembeni: fantasia au uhalisia? Chagua. Ndani yake mlikuwa na jini wa mbuyu, karibu na mdomo wa mto Mwachema kule Diani, anayemwomba mwanamke maji. Mimi ni Muislamu. Qurani ina sura nzima iitwayo Al-Jinn, ya 72. Nikimweka jini kwenye rafu ya mambo yasiyokuwepo, nitakuwa nimetoa kauli ya imani ili tu kumrahisishia kazi muuza vitabu. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alituonyesha mpelelezi anayeuweka mzimu kando na kumtafuta muuaji mwenye mwili na damu. Riwaya ile naipenda mno, nimeirudia hata jalada likang'oka. Ila upelelezi unadai kila kisichoonekana kifunuliwe kwenye sura ya mwisho, nami naishi na watu ambao kisichoonekana hawakingojei kifunuliwe. Jini wangu namwandika kwa kanuni ileile ninayomwandikia jirani: simsemeshi nisilolijua.

Kanuni hiyo niliivunja mara moja, tena kwa kutaka wema.

Jirani yangu alimpoteza mwanawe baharini. Ilikuwa kusi, upepo mkali. Ngalawa ilitoka Mkunguni alfajiri na haikurudi. Ubao mmoja uliokotwa upande wa Chale, mwili haukuonekana. Waliswali swala ya ghaibu. Mwaka uliofuata nikaandika. Nilibadilisha jina la kijana, nikahamishia mambo Vanga, na mwishoni, siku ya arobaini, kijana akarudi: jahazi la Lamu lilikuwa limemwokota. Hadithi ikachapishwa katika mkusanyiko mdogo, na binti wa jirani yule akaipata shuleni.

Mama yake akaniita. "Njoo unisomee."

Alikuwa ameketi kwenye mkeka akisuka ukili, bakuli la maji ubavuni, miyaa ameilowesha ilainike. Nilisoma vidole vyake vikienda: juu, chini, vuta. Nilipofika wanawake wamesimama pwani, mmoja akihesabu matanga yanayoingia kisha akihesabu upya toka mwanzo, vidole vilisimama. Nikaendelea. Jahazi, Lamu, mlango unagongwa. Alinyoosha mkono ulio na maji akauweka juu ya ukurasa.

"Rudi nyuma."

Nikarudi kwa wanawake wa pwani, nikasoma mpaka yule mmoja anapoanza kuhesabu upya.

"Hapo. Ishia hapo. Hapo ndipo nilipo. Huko mbele wewe hujafika, na mimi sijafika."

Nilikuwa na majibu yangu yote, makubaliano ya mkeka na Mwengo wa Pate, na hakuna hata moja lililofaa. Jina la kubuni halikumdhuru, wala kijiji cha kubuni. Yeye alikwisha kumswalia mwanawe na kumkabidhi kwa Mola, na mimi, kwa kuwa moyo wangu ndio uliokuwa umeshindwa kustahimili, nilimfufua bila kumwuliza. Ule mwisho nilikuwa nimejitengenezea mimi mwenyewe.

Alama ya kidole chake ilikauka kwenye karatasi ikaacha kikunyanzi. Nakala hiyo ninayo.

Ijumaa iliyofuata aliniita tena. Nilianza mwanzo, nikaishia palepale, nikafunga kitabu. Hakusema kitu. Alichovya mwaa mwingine kwenye bakuli, akauunga na ule uliokuwa umekwisha, akaendelea. Ukili ulikuwa umefika pima nane.