Jina la Mzee

Niliacha chuo, nikapata kibarua Garissa: jioni kutundika mitego ya taa, asubuhi kuhesabu mbu. Makala ilipotumwa kwa jarida la wadudu, jina langu halikuwa kati ya waandishi. Kusema ukweli, iliniuma.

Halafu nikamkumbuka mzee aliyetuonyesha mahali maji hutuama. Mafuriko ya mwisho wa 2006 yalipoleta homa ya Bonde la Ufa hapa, wafugaji Wasomali walikuwa na jina lake tayari: sandik, damu puani. Walijua mvua kubwa na mbu wengi ni hatari kwa mifugo. Watafiti wakawataja mbu wenyewe, Aedes mcintoshi na Aedes ochraceus, ambao mayai yao husubiri mvua kwenye udongo mkavu.

Sasa, mwandishi ni nani? Jarida lina hoja: anayetia jina hubeba lawama takwimu zikikosea, na mzee hawezi kujibia jedwali asiloliona. Sawa. Lakini shukrani haihitaji jedwali. Ni mstari mmoja tu mwishoni.

Ningetaka kuwalaumu wakubwa peke yao. Shida ni kwamba miezi yote ile nilimwita "mzee" tu. Sikuwahi kumuuliza jina.